Ng'ombe wa Maramba kwenye Sinodi ya Mjini

Siku mliyoniaga nilipostaafu mliniomba niseme neno, nikasema asanteni, nikakaa chini, maana wali ulikuwa unapoa. Mpishi hawezi kutoa hotuba huku anaona mvuke unakatika juu ya sinia. Sasa nimekaa nyumbani Nguvumali, sina sufuria la kukimbilia, basi nawaandikia yale ambayo ningeyasema.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa kiasi gani. Mshahara wa kwanza mngeucheka, na wa mwisho mnaujua. Miaka ya karibuni nayo mliiona kwa macho yenu. Nitaandika ya mwanzo, miaka ya hamsini, wakati jiko letu lilikuwa banda la makuti nyuma ya shule ya misheni hapa Tanga, na mimi nilikuwa msichana kutoka Bonde ambaye hajawahi kupikia watu wasio ndugu zake.

Siku yangu ya kwanza, Sista Mwingereza aliyesimamia hosteli aliniambia niwapelekee mapadre chai. Nikapika kama tulivyopika kwetu: maji, maziwa, majani, sukari na tangawizi, vyote vikachemka pamoja hadi rangi ikakolea. Sista alipoonja alifumba macho. Akanieleza kwa upole kwamba Wazungu hupenda kila kitu kije peke yake, wachanganye wenyewe. Nikasema ndiyo Sista. Lakini birika langu lilikuwa limeshafika mezani, na mapadre wa kwetu walikuwa wamelimaliza. Tangu siku hiyo tukawa na mabirika mawili, na naona mpaka leo mnayo.

Aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa Sista. Alikuwa Fundi Makame, Mpemba aliyeishi Makorora, mpishi wa karamu. Arusi kubwa za mjini hazikupangiwa siku kabla ya kumwuliza yeye kama ana nafasi. Misheni ilimwita kila palipokuwa na wageni wengi, naye alikuja na kanzu yake na kofia yake, akavua kanzu, akaitundika kwenye msumari uleule, akaanza kugombana na kuni.

Kuni ndizo alizonifundisha kwanza. Alitaka za mkoko, kwa sababu moto wake hauna haraka. Akanifundisha kupanga mafiga mpaka sufuria likae bila kutikisika, kukuna nazi bila kufikia kifuu, kutenga tui la kwanza na la pili, na kupalia makaa juu ya kifuniko wali ukishakauka maji. Alinikataza kabisa kufunua funua. "Wali si mgonjwa," alisema, "kwamba kila saa uende ukaujulie hali." Alionja kila kitu. Hakuwahi kupakua chakula ambacho hakijapita ulimini mwake, na mimi nimekuwa hivyo maisha yangu yote, ndiyo maana mnaniona nilivyo mnene.

Basi mwaka mmoja zikaja habari kwamba sinodi itafanyika mjini. Vijana wa siku hizi mmezoea, lakini kabla ya hapo mkutano huo wa mwaka wa mapadre na walei wa dayosisi yetu ulifanyika bara, kwenye misheni ya zamani vilimani, ambako Wakristo wana kila kitu chao: majiko yao, vyombo vyao, na mtu wao wa kuchinja. Mjini hatukuwa na hata sufuria moja la kupikia watu mia. Tulikuwa na vyombo vya hosteli, na Fundi Makame.

Mwenyekiti wa maandalizi alikuwa Padre Eliya, Mbondei mwenzangu, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo. Kila alichosimamia kilinyooka. Alipanga madarasa yapi walale mapadre na yapi walale walei, nani alete mikeka, nani apokee watu stesheni. Nilipenda kufanya naye kazi kwa sababu alisema jambo mara moja tu. Nikaitwa kwenye kikao cha kamati ili nieleze mahitaji ya jikoni. Nikaeleza. Nilipofika kwenye nyama, nikasema Fundi Makame atachinja kama kawaida yake.

Padre Eliya akaweka kalamu chini.

"Mwanangu Sesilia, hii ni sinodi ya Kanisa. Mnyama wetu atachinjwa na Mkristo."

Mjumbe mmoja akakohoa. Nikajibu, "Padre, Fundi hatakula."

"Si lazima ale. Apike tu."

Ninyi mnaishi mji huu, mnajua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Jioni hiyo nikaenda Makorora. Fundi Makame alikuwa barazani kwake akichagua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikamweleza. Aliendelea kuchagua mchele kwa muda, akitupa chuya kwa kuku.

"Sesilia," akasema, "miye sina ugomvi na Padre. Dini yake yake, yangu yangu. Lakini n'tapikaje nisichoonja? Haya, tuseme n'tafunga macho nipike. Yale masufuria makubwa unayajua ni ya nani?"

"Si yako, Fundi?"

"Yangu wapi! Ya mtaa. Watu wa Makorora wamechanga wakayanunua, ya arusi na ya matanga. Miye nimewekeshwa tu. Leo n'tie nyama ya namna hiyo ndani yake, kesho n'yarudishe kwa uso gani? Hata yakisuguliwa kwa mchanga wa pwani yote, mtu hatakubali kupikia matanga ya maiti wake kwa sufuria hilo."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo. Bila nyama watu wangevumilia. Bila masufuria, sinodi nzima isingekula hata uji, na wajumbe walishaanza kujiandaa huko Pemba, Korogwe na milimani. Padre Eliya hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Fundi Makame hakuwa na pa kurudi.

Nililala na wasiwasi, nikaamka nao. Kilichonijia asubuhi hakikuwa hekima, kilikuwa woga uliotafuta mlango. Nikamwendea Padre Eliya kabla hajaingia kusali nikamwambia, "Padre, kama tutakula samaki? Tuko pwani. Samaki hachinjwi na mtu."

Akaniangalia. "Siku zote?"

"Samaki, maharage, mchicha wa nazi. Fundi atawapikia mpaka wasahau nyama."

"Samaki hana neno," akasema, akaingia kanisani. Nikakimbia Makorora. Fundi Makame akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Samaki keshachinjwa na Mwenyezi Mungu. Leta."

Sinodi ikaanza. Wajumbe walikuja kwa gari moshi, kwa malori na kwa mashua. Tuliwapikia nguru wa kupaka, changu wa kukaanga, papa kwa tui. Wazee wa milimani ambao hawajazoea miba walikula kwa tahadhari kama watu wanaovuka daraja bovu, lakini walikula. Ndani ukumbini walibishana mambo ya shule na ya makatekista. Mimi nilisikia vipande vipande nikipita na mabirika. Nikaamini tumevuka.

Siku moja kabla ya sinodi kufungwa, wakati wajumbe wako kwenye kikao cha asubuhi, likaingia uani dume la ng'ombe.

Lilikuwa jekundu, limenona, lina nundu iliyolala upande mmoja. Mbele yake alitembea mzee mwenye koti, kofia ya pama na msalaba kifuani. Nyuma, ameshika kamba, alikuwa mwanamume mwingine aliyefanana naye uso mzima, isipokuwa yeye alivaa kofia ya kiua ya Kiislamu. Wa mbele akaniambia anaitwa Samweli, mjumbe wa walei kutoka Maramba, na yule ni mdogo wake, Hamisi. Walichelewa kwa sababu ng'ombe alikataa kumtii mtu yeyote ila Hamisi, na hata yeye alitiiwa kwa masharti, kila penye majani ng'ombe alisimama.

"Ni zawadi ya Maramba kwa Askofu na sinodi," akasema Mzee Samweli. "Tumtie wapi?"

Nikawapa maji ya kunywa, nikamfunga ng'ombe kwenye mwembe wa shule, nikangoja kikao kivunjike. Padre Eliya alipotoka na kuona, alisimama palepale mlangoni. Kisha akaja, akawapa mkono wote wawili, akashukuru kwa maneno mazuri. Mzee Samweli akafurahi. Akasema, "Kesho ndiyo siku ya kufunga sinodi. Hamisi atamchinja asubuhi, mchana tule."

"Atamchinja Mkristo, Mzee Samweli," akasema Padre Eliya.

Walikuwa wamesimama karibu na banda langu. Fundi Makame alikuwa ndani akikoroga, na nikasikia mwiko wake umesimama.

Mzee Samweli hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Padre, kwetu Hamisi ndiye anayechinja. Nyumba zetu ziko ua mmoja. Watoto wanakula sinia moja."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni sinodi."

"Kwani kisu cha Hamisi kina nini?"

Ndipo Padre Eliya aliposema maneno ambayo nadhani hakuwa amemwambia mtu yeyote katika kamati. Alisema kwa sauti yake ileile ndogo, nasi wote tukalazimika kunyamaza ili tusikie.

"Kisu chake hakina neno. Ninachokiwaza ni kisu cha baba yangu. Baba yangu alipobatizwa, ndugu zake Waislamu walimwambia: kwako tutakuja, maji yako tutakunywa, lakini nyama yako hatuli tena. Kila Krismasi alichinja mbuzi. Mama akapika chakula cha watu wengi kama zamani. Tukakaa sisi watoto na wao wawili, ua mzima mtupu, na majirani wanatupita wakitusalimu. Majirani wengine walimwambia, si umwite mtu akuchinjie, yaishe? Akawaambia, kisu changu si najisi. Hakumwita mtu mpaka alipokufa. Leo mimi mwanawe, padre, niende nimwite mtu, mbele ya sinodi nzima?"

Nilikuwa nimedhani ni ukaidi wa dini. Nilitamani ardhi inifunike kwa jinsi nilivyokuwa nimemsema moyoni.

Mzee Samweli akavua kofia yake. "Kisu cha baba yako si najisi, Padre. Nani aseme? Lakini ng'ombe huyu si wangu peke yangu. Marehemu mama alituachia mtamba mmoja, mimi na Hamisi. Huyu ni mjukuu wa yule mtamba. Niliposema nataka kumpa Askofu zawadi, Hamisi akanipa na fungu lake. Hakuniuliza mara mbili. Amekuja kwa miguu kutoka Maramba. Sasa nimwambieje, kaa pale uwatazame watu wakila?"

"Nitakula wali na maharage," Hamisi akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu afike. "Msigombane kwa ajili yangu, Padre. Mimi nilikuja kumsindikiza mnyama tu."

Afadhali angegomba. Padre Eliya aliinamisha kichwa, akasema atamwuliza Askofu, akaondoka. Alirudi baada ya chakula. Nikamwuliza Askofu kasemaje. "Kasema mimi ndiye mwenyekiti wa maandalizi," akajibu. Nimepikia maaskofu kadhaa katika maisha yangu, na wote walijua ng'ombe gani ni wao na ng'ombe gani ni wa mwenyekiti.

Fundi Makame alipomaliza kazi akavaa kanzu yake, akaniambia, "Kesho n'takuja na kapu la bizari, na n'takuja na samaki. Padre mwenyewe ataamua nipike kipi."

Kulipopambazuka nilikuta watu wamekusanyika chini ya ukuta wa shule. Hamisi alikuwa amechimba kishimo kidogo cha damu, kwa sababu, alisema, iwe ni yeye au mwingine, kishimo kitahitajika. Mzee Samweli alikuwa ameshika kamba. Wajumbe wengine walisimama mbali, na suti zao. Padre Eliya akatoka kanisani, amemaliza ibada ya asubuhi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Hamisi.

"Una watu wa kumlaza?"

"Nahitaji wanne, Padre. Ana nguvu."

Padre Eliya akavua kanzu yake, akanipa mimi nishike. Ndani alikuwa na fulana iliyotoboka begani. Akakunja suruali. Walipomwangusha yule ng'ombe, wajumbe wawili walirushwa, koti la mmoja likachanika, na watu wakacheka kwa hofu. Padre Eliya ndiye aliyeshika pembe, na alizishika kama mtu aliyekulia zizini.

"Kichwa, Padre," Hamisi akasema taratibu. "Kimekaa vibaya. Kigeuze huku."

Huku ni kibla. Kila mtu pale alijua. Kutoka Tanga ni kaskazini, upande wa lango la shule. Padre Eliya alibaki ameinama juu ya yule mnyama, anahema. Sijui aliona nini. Labda ule ua mtupu wa kwao, labda Hamisi na sahani ya maharage. Kisha akazishika pembe vizuri zaidi, akakigeuza kichwa. Hamisi akasema Bismillahi, na kazi ikaisha kwa mkato mmoja safi.

Nilimrudishia kanzu yake. Alihangaika na vifungo.

Pilau ya siku ile sitaieleza sana, mtaona najisifu kwa kazi ya mwingine. Fundi Makame alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya ngozi ya kiatu kipya, akatia nyama, akatia bizari, mdalasini na karafuu za kwao Pemba, na harufu ikaenda mpaka barabarani. Majirani wa Makorora waliokuja kusaidia kukuna nazi walikula, wajumbe walikula, Askofu alikula na akaongeza. Hamisi na kaka yake walikula sinia moja na wazee wa milimani, ambao walishukuru hadharani kwamba leo hakuna miba.

Padre Eliya hakula. Nilimwona amekaa pembeni mwa meza na kikombe cha chai. Nikamwendea, nikainama. "Padre, nikuletee?"

"Hapana, mwanangu. Watu wameshiba, inatosha. Mimi siwezi." Akatabasamu kidogo. "Nimemshika, lakini kumla siwezi."

Nikarudi jikoni, nikachukua changu mmoja kati ya wale aliokuja nao Fundi, nikamkaanga haraka haraka maana mikono ilikuwa na mambo mengi. Fundi Makame akaniona. "Huyo wa nani?"

"Wa Padre. Nyama hali."

Nilidhani atanuna. Alikuwa amepika chakula chake bora, na mtu anakikataa. Akaja, akamtazama samaki kwenye kikaango, akamgeuza kwa ncha ya kisu. "Huyu umemkausha," akasema, akamweka kando. Akachagua mwingine mkubwa zaidi, akampasua mbavuni, akamsugua kwa chumvi na kitunguu saumu, akamkamulia ndimu, akasubiri mafuta yatulie. Alisimama juu yake muda wote, na masinia mengine yakangoja. Akaonja kipande cha mkia. Kisha akaibeba sahani mwenyewe, hakunipa mimi.

Padre Eliya alimwona anakuja, akasimama. Lakini Fundi hakuweka sahani mezani. Akasema, "Huku kuna kelele, Padre. Njoo banda la jikoni, kuna upepo." Na Padre akamfuata. Alikaa kwenye kigoda changu, akala kwa mkono, akamaliza mpaka kichwa cha samaki. Hamisi alikuwa pale pia, amekuja kuomba kaa la kuwashia sigara, akachutama. Kwa muda walizungumzia ng'ombe: magonjwa, malisho, jinsi mbung'o walivyomaliza zizi fulani huko Maramba. Mimi nilikuwa nasugua masufuria nimewapa mgongo.

Wakati Padre anakunywa kahawa, Fundi Makame akamwuliza, "Marehemu baba yako, Padre, jina lake nani?"

Padre Eliya akataja jina la ubatizo. Akazungusha kikombe mkononi, kisha akataja na jina jingine, lile alilopewa na mama yake alipozaliwa.

"Mungu amrehemu," Hamisi akasema.

"Amina," akaitikia Fundi Makame, na nikasikia Padre naye akisema amina. Kengele ya kikao cha mwisho ikalia, na hakuna aliyeinuka.